Mikono Iliyobaki kwa Mfalme

Niambie wewe unayenisikiliza: umewahi kuulizwa na mtu wa serikali kama hadithi uliyomsimulia mjukuu wako uliiona kwa macho yako? Koko Jeanne aliulizwa. Aliulizwa mchana kweupe, ofisini kwa mkuu wa shule, mfuko wa mboga za lengalenga ukiwa bado mkononi, kwa sababu alikutwa barabarani akichagua mboga na hakupewa nafasi ya kupita nyumbani kuziweka.

Ulikuwa mwezi wa sita, mwaka wa elfu mbili na kumi na saba, majira ambayo baridi ya Johannesburg huingia kwenye magoti ya wazee na kukataa kutoka. Familia ilikaa Yeoville, katika chumba kimoja cha fleti waliyochangia na watu wengine. Walikigawa chumba kwa pazia la maua mekundu. Upande wa dirisha alilala Koko na mjukuu wake Murielle, mtoto wa miaka minane. Upande wa mlango alilala mama wa mtoto, Angélique, ambaye alikuwa msusi. Firmin, mwana wa Koko na mume wa Angélique, alikuwa mlinzi wa ghala huko Polokwane na alionekana mwisho wa mwezi tu, kama mshahara, na kama mshahara hakukaa.

Murielle alizaliwa hapohapo Johannesburg. Kiswahili alikisikia vizuri ila hakukisema. Ukimwambia "leta kikombe" analeta, lakini jibu linatoka kwa Kiingereza, au kwa Kizulu akiwa na hasira. Koko alikuwa hajui Kiingereza zaidi ya "hello" na "how much". Basi wawili hao walikaa pamoja kila siku tangu mtoto atoke shule mpaka Angélique arudi, huyu akisema chake na yule chake, wakaelewana. Na kiza kikishaingia, Koko alisimulia hadithi. Za sungura, za mto, za binti aliyeolewa na mwezi. Alizipata kwa bibi yake, kule Fizi, nchini Kongo, naye bibi alizipata kwa wa kwake.

Sasa Mwalimu Jeptoo, Mkenya aliyefundisha darasa la tatu, aliwaambia watoto wasimame mmoja mmoja waeleze kitu walichofundishwa na bibi au babu. Mmoja alisema kupika uji. Mwingine alisema kufunga kamba za viatu. Murielle alisimama akasema kwa Kiingereza safi kwamba kulikuwa na mwanamke, mfalme akabaki na mikono yake, na gogo wangu, yaani bibi kwa Kizulu, ndiye aliyeibeba ile mikono kwenye ungo mpaka nyumbani.

Darasa lilicheka. Jeptoo hakucheka. Alikuwa amesikia habari za vita vya Kongo.

"Nani amekwambia hivyo, Murielle?"

"Gogo. Alikuwepo. Huwa anasema alikuwepo."

Katika nchi ile mwalimu akisikia neno kama hilo haruhusiwi kulilaza. Jeptoo alikwenda kwa mkuu wa shule, mkuu akapiga simu kwa watu wa ustawi wa jamii.

* * *

Simu ilimkuta Angélique amefika katikati ya kichwa cha mteja. Saluni ilikuwa ya Gaston, mtu wa Lubumbashi, mwenye kidevu kinachong'aa na mdomo usiopumzika. Viti vilikuwa vingi kuliko nafasi, na kila msusi alilinda chake kama shamba la urithi.

"Mtoto ameumwa?" Gaston aliuliza alipomwona anavua aproni.

"Sijui. Wamesema niende na mama mkwe wangu. Sasa hivi."

Mteja aligeuka kwenye kioo. Upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umelala kwa misuko myembamba, upande wa pili umesimama kama ufagio. "Eish, sista! Unaniacha hivi? Nina harusi."

"Nitarudi, mama. Nisamehe."

"Harusi yenyewe haitarudi."

Wasusi wengine walicheka. Gaston alikwishamwita msichana mwingine kwa kidole. "Kaa hapo, malizia. Angélique, wewe nenda. Ila kiti hakilali njaa, unajua."

"Ni leo tu, patron."

"Tutaona."

Alitoka mbio, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe, akamzoa Koko barabarani alipokuwa akichagua mboga, na mpaka alipofika getini kwa shule hakujua kuwa bado kiko kichwani. Mlinzi wa geti ndiye aliyemwonyesha, kwa kucheka. Kisha mlinzi huyo aliuchungulia mfuko wa Koko, akapekuapekua lengalenga kwa ncha ya kalamu kana kwamba chini yake kuna kisu.

* * *

Ofisini walikuta viti vya plastiki vya watoto, maana vya watu wazima vilikuwa vimepelekwa kwenye mkutano. Koko alikaa, magoti yakamfika karibu na kidevu. Mbele yao alikuwapo mwanamke mnene, mpole wa sura, amevaa koti la sufu la kijani. Jina lake Zodwa, mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Pembeni alisimama Mwalimu Jeptoo, ambaye ndiye angetafsiri.

"Mimi ninaweza kutafsiri," Angélique alisema.

"Hapana, mama," Zodwa alisema kwa Kiingereza. "Wewe ni mzazi. Nataka masikio ya mtu mwingine."

Walimwita Murielle. Wakamwomba apandishe mikono ya sweta. Zodwa alimshika viganja, akavigeuza, akatazama vifundo vya mikono taratibu, kimoja kisha kingine. Hakukuwa na kitu isipokuwa wino. Lakini Angélique alihisi kama yeye ndiye aliyevuliwa nguo mbele za watu. Mtoto aliporudishwa darasani aligeuka mlangoni akamwangalia Koko kwa jicho la mtu aliyevunja sahani.

"Mwambie gogo asiogope," Zodwa alisema. "Aniambie tu. Huyo mwanamke ni nani, na mikono yake ilipatwa na nini?"

Jeptoo alitafsiri kwa Kiswahili chake cha Eldoret, kila neno limepigwa pasi. Koko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukalegea. Alikuwa amejiandaa kuambiwa kwamba Firmin amekufa.

"Ah! Ile! Ile ni hadithi, mwalimu."

"Sawa, Mama. Basi tusimulie, huyu dada aisikie, aandike kwamba ni hadithi, mwende zenu nyumbani."

Koko alitazama dirishani. Jua lilikuwa limepiga kwenye zege la uwanja. Akatikisa kichwa.

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

"Siyo sasa."

Angélique aliinama sikioni kwake. "Mama, niko nakuomba. Simulia. Hii si mambo ya kucheza. Wanaweza kumchukua mutoto."

"Nimesikia, Mama Murielle."

"Sasa?"

"Sasa siwezi."

Zodwa aliweka kalamu chini. Alisema, na Jeptoo akatafsiri kwa sauti iliyopungua, kwamba kama hataelewa ni jambo gani mtoto ameliona au kuambiwa, itabidi Murielle asibaki peke yake na bibi. Na kwa kuwa mama hufika nyumbani usiku umeingia, mtoto atakaa mahali pengine kwa muda, hadi jambo lieleweke.

Mahali pengine. Angélique aliyajua maneno hayo. Kuna jirani aliyeambiwa hivyo, na tangu siku hiyo alikuwa akimtembelea mwanawe kwa kuandikisha jina mlangoni.

"Mama!" Sasa hakunong'ona tena. "Fungua kinywa! Kila siku unasema na mutoto, leo umekuwa bubu?"

Koko alizungusha mpini wa mfuko kwenye kidole mpaka kidole kikawa cheupe. Alimtazama mkaza mwanawe, kisha akamwambia Jeptoo polepole, "Mwambie huyu mama: nikisimulia sasa hivi, huyu hapa ndiye ataumia." Na kwa kidevu akamwonyesha Angélique.

Jeptoo alisita. Lakini alikuwa ameapa kutafsiri yote, akatafsiri. Kwa Kiingereza yale maneno yalitoka kama kisu kinavyotoka kwenye ala.

Zodwa hakuandika. Alimtazama yule mwanamke mzee aliyekunjamana kwenye kiti cha mtoto, akatazama jua alilokuwa akilitazama, kisha akauliza kitu ambacho hakikuwa katika maswali yake.

"Muulize. Ni kwa sababu ya mchana?"

Jeptoo aliuliza bila kuelewa anauliza nini. Koko alishtuka, akashika kifua.

"Amejuaje? Mwambie ndiyo! Kwetu hadithi haisimuliwi jua likiwa juu. Ukiisimulia hadithi ya mtoto mchana, mama ya ule mtoto anapotea. Anatoka nyumbani harudi. Mimi nitamfanyia hivyo huyu? Huyu anayenilisha?"

Aliposikia tafsiri, Zodwa alicheka mpaka akafuta macho. "Bibi yangu kule Nquthu alituambia tutaota pembe! Kaka yangu alisimulia mchana, akalala amejishika kichwa wiki nzima." Halafu akajikohoza, akarudia sura ya kazi. "Lakini bado sijaisikia, gogo. Kicheko hakitoshi kuandika. Saa ngapi giza linaingia kwako?"

* * *

Wakaondoka. Angélique alitembea mbele, Murielle katikati, Koko nyuma na mboga zilizokwisha kunyauka. Walipofika kwenye robot, yaani taa za barabarani, nyekundu ikawasimamisha pamoja.

"Mimi nilikuwa naenda kufukuzwa kazi," alisema bila kugeuka. "Sijui kama sijafukuzwa. Kwa sababu ya mambo ya kizamani."

"Ni mambo ya kukulinda."

"Mama, mimi nalindwa na kazi. Mchana haujaua mtu."

"Wewe hujui waliopotea."

"Nawajua. Wamepotea kwa vita, Mama, hawakupotea kwa hadithi!"

Murielle alivuta mkono wa mama yake. Alisema kwa Kiingereza kwamba ni kosa lake, na kwamba hatasema tena chochote darasani, kamwe, hata akiulizwa jina.

Taa ikageuka kijani. Hakuna aliyevuka.

"Usiseme hivyo," Angélique alisema. "Hujakosa." Lakini aliyasema akiwa anaangalia barabara.

* * *

Walikuja wote wawili kiza kilipoanza, Zodwa na Jeptoo. Angélique alikuwa amefagia mara mbili, amelifunga pazia la maua mekundu kwa utepe, amekopa viti kwa majirani. Alichemsha chai ya tangawizi na kuona haya kwa sababu vikombe havikufanana. Wapangaji wengine walipita jikoni mara nyingi kuliko chakula kinavyohitaji, wapate kumwona mtu wa serikali.

"Kama kuna mkate, mpe mwalimu," Koko alinong'ona.

"Hakuna mkate, Mama."

"Basi mpe kikombe chenye mkono."

Koko alikaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Hapo hakuwa yule wa kiti cha plastiki. Mabega yalishuka. Murielle alijisogeza ubavuni mwake bila kuitwa.

"Mko?" Koko aliuliza.

"Tuko!" Murielle akajibu.

"Masikio?"

"Yako wazi!"

"Na usingizi?"

"Tumeufunga mlangoni!"

Angélique aliyekuwa akimimina chai alisimama na birika hewani. Hakuwahi kumsikia mwanawe akisema Kiswahili kwa sauti kubwa namna ile, bila aibu, neno lote zima. Alikuwa akidhani hana.

Koko akasimulia, na Jeptoo akamfuata nyuma kwa Kiingereza cha chinichini.

"Kulikuwa na mama mmoja, mfumaji wa vikapu. Akifuma kikapu, maji hayavuji. Mfalme akasikia, akamwita. Akafuma asubuhi, akafuma mchana, jioni akasema, nina mtoto nyumbani, niache niende. Mfalme akasema, nenda, nani amekushika? Ila acha mikono. Mimi sina shida na wewe, nina shida na mikono. Basi yule mama akaivua mikono yake, hivi, kama mtu anavua bangili. Haikutoka damu. Akaiweka kwenye mkeka, nayo ikaendelea kufuma, fu, fu, fu, fu."

"Fu, fu, fu, fu," Murielle akaitikia.

"Akafika nyumbani. Mtoto akasema, Mama, nishike. Atamshika na nini? Akamlaza shavu kichwani, basi. Kesho akaenda kuichukua mikono. Mikono ikasema, bado kidogo. Kesho kutwa, bado kidogo. Ikazoea mafuta ya mfalme. Ikafika siku mama anaiita, nayo inamuuliza, wewe ni nani?"

Jeptoo alikawia kidogo kwenye sentensi hiyo. Angélique aliweka birika chini.

"Ule mtoto akachoka kungoja. Akasema, mikono haiji, nitaenda mimi. Akatembea mpaka kwa mfalme. Hakulia, hakuomba. Alikaa tu karibu na ile mikono, akaweka kiganja chake katikati ya ukindu. Mikono ikafuma, ikafuma, ikagusa. Hiki si ukindu. Ukindu hauna joto. Fu… fu… ikasimama." Koko alinyamaza mpaka mtu fulani jikoni akaacha kukoroga. "Na mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeibeba ile mikono kwenye ungo mpaka nyumbani. Anayebisha akaulize ungo."

"Tumekubali!" Murielle akapiga kofi moja, kama ilivyo desturi.

Zodwa aliuliza, "Lakini gogo, kwa nini unasema ulikuwepo?"

"Hadithi isiyo na shahidi ni uongo mtupu, mama. Lazima anayesimulia ajitoe. Bibi yangu naye alikuwepo. Huyu naye siku moja atakuwepo." Akampapasa Murielle kichwa.

Zodwa alifunga mkoba wake. Alisema hakuona neno baya kwa mtoto, na kwamba Murielle atabaki nyumbani kwake na bibi yake. Jeptoo alitafsiri haraka mno, akarudia polepole. Alichuchumaa mbele ya mkeka akasema, "Nisamehe, Mama. Nililazimika."

"Ungenyamaza ningekuogopa," Koko alisema. "Mwalimu anayesikia mikono imekatwa akanyamaza, huyo si wa kumwachia mtoto."

Yangeishia hapo. Wageni walikuwa wamekwisha kusimama. Lakini Angélique alikuwa bado ameketi, ameangalia mikono yake mwenyewe, vidole vilivyopasuka kwa maji moto ya kuchovya misuko.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Mama Murielle…"

"Ni mimi mfumaji. Gaston ndiye mfalme. Umekaa na mutoto wangu kila jioni unamfundisha kwamba mama yake hana mikono. Leo umenisema mbele ya wageni, wanasikiliza na chai yangu mikononi." Hakupaza sauti, hilo ndilo lililouma. "Kama ulikuwa na neno, Mama, mimi si niko? Si nalala nyuma ya lile pazia? Ungeniambia mimi."

Jeptoo hakujua kama hayo nayo atafsiri. Zodwa alimshika mkono, kumwambia aache.

Kwa watu wa Koko, mama mkwe hamwambii mkaza mwanawe neno la moyoni uso kwa uso. Linapitishwa kwa mtoto, au kwa hadithi, au kwa shangazi, na hapa Yeoville shangazi hakuwepo. Koko alikunja miguu, akainyoosha tena.

"Hapana," alisema hatimaye. "Huyu mutoto hana shida. Huyu ana shule, ana wewe Jumapili, ana mimi. Akisema nishike, namshika."

"Basi ulikuwa unamsema nani?"

"Nilikuwa najisema. Yule mtoto anayengoja mikono ni mimi."

Angélique alinyanyua macho.

"Asubuhi mnatoka," Koko alisema. "Wewe unatoka, huyu anatoka. Mimi naongea na sufuria. Nashuka sokoni, nanyoosha kidole kwenye mboga kama bubu, nalipa, napanda. Mchana siwezi kujisimulia hata hadithi. Kule kwako kazini kuna watu wa Fizi, kuna watu wa Bukavu, umeniambia mwenyewe, wanacheka mpaka jioni. Tangu nifike nchi hii sijawahi kupaona. Nimengoja uniambie twende. Nikasema, yeye ndiye anayenilisha, nitamwombaje?"

Murielle, ambaye alikuwa ameyaelewa yote, alimsukuma Koko kwa kiwiko, mara moja, kwa nguvu, kama watoto wanavyosukumana darasani mmoja wao anapoogopa kusimama.

"Nataka kwenda na wewe saluni," Koko Jeanne akasema. "Sitamsumbua mtu. Nikae tu hapo ulipo."